Wapi na Lini: Kompyuta ya Kiganjani katika Matibabu, Arua na Koboko

Oktoba 1961, madaktari watatu waliondoka Kampala kwa gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, alikuwa akifuata nyayo za uvimbe uliokuwa ukiyala mataya ya watoto, akitaka kujua unaanzia wapi na unaishia wapi. Pamoja naye alikuwamo Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, nje kidogo ya Arua, alikokuwa akitibu tangu mwaka 1941. Mikono yake ilijua kupasua na ilijua pia kutengeneza injini. Wa tatu alikuwa Cliff Nelson. Kwa wiki kumi walipita katika hospitali zaidi ya 50, hadi kusini mwa bara.

Safari hiyo ndiyo inayosimuliwa sana. Kazi iliyofuata husimuliwa kidogo, nayo ndiyo inayowagusa zaidi watu wa West Nile, eneo la Arua na Koboko. Williams alirudi Kuluva, akaendelea kuhakikisha kwamba kila mtoto mwenye uvimbe ule anaandikwa pamoja na mambo mawili ambayo daktari mwenye foleni ndefu angeweza kuyaruka: kijiji anachotoka, na tarehe dalili zilipoanza. Wapi na lini. Yeye na wataalamu wa takwimu walipowapanga wagonjwa wa miaka ya 1961 hadi 1965, waliona jambo ambalo jicho la wodini lisingeliona. Watoto waliokaribiana kwa makazi walikuwa pia wamekaribiana kwa wakati wa kuugua. Ugonjwa wenye tabia hiyo hushukiwa kuwa una kitu kinachoupitisha. Kati ya 1972 na 1974, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, likaihifadhi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yaliongeza nguvu ya ushahidi kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika.

Yote hayo yalianza kwa kalamu. Muuguzi wa Koboko anayeshika leo tableti ya kituo ana chombo chenye kasi kuliko kalamu ile, lakini fomu iliyomo inaanza na maswali yaleyale mawili.

Kutoka Palm hadi simu ya mfukoni

Uganda haikungoja simu janja ndipo ijaribu kompyuta za kiganjani. Mwaka 2003, shirika la SATELLIFE la Boston, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliungana na wataalamu wa Kampala kuanzisha mtandao wa taarifa za afya katika wilaya za Mbale na Rakai. Matabibu walipewa vifaa vya aina ya Palm, vidogo vya kuingia katika mfuko wa koti, vyenye skrini ya kuguswa kwa kijiti. Fomu za Wizara ya Afya ziliingizwa humo. Tabibu alijaza idadi ya wagonjwa wa malaria, chanjo zilizotolewa na dawa zilizobaki, kisha akakielekeza kifaa chake kwenye kisanduku kilichofungwa kituoni. Taarifa ziliruka kwa miale isiyoonekana, kama ile ya rimoti ya televisheni, na kisanduku kikazituma kwa mtandao wa simu za mkononi.

Kilichoufanya mradi ule ustahili kukumbukwa ni kwamba njia haikuwa ya upande mmoja. Kisanduku kilipotuma, kilipokea pia: miongozo ya tiba, habari za magonjwa, masomo ya kumwendeleza tabibu aliyeko mbali na chuo. Mtu aliyezoea kupeleka fomu za mwezi kwa boda boda na asisikie neno tena alianza kuona jibu. Tathmini ya gharama ilionyesha kwamba kwa kila shilingi iliyotumika, njia hii iliokoa asilimia 24 ikilinganishwa na karatasi.

Palm zimepitwa na wakati, ila utaratibu wake ulizaa watoto wengi. Tanzania ilijaribu kuweka mwongozo wa kutibu watoto wadogo ndani ya kompyuta za kiganjani. Eldoret, Kenya, wahudumu walizibeba nyumba kwa nyumba katika upimaji wa VVU. Uganda yenyewe ilichagua pia njia nyepesi zaidi: simu ya kawaida ya batani, ile ambayo muuguzi tayari anayo.

Kuanzia 2011, mfumo uitwao mTrac uliwawezesha wahudumu wa vituo kutuma ripoti ya wiki kwa ujumbe mfupi. Wangapi wamepimwa malaria, wangapi wamekutwa nayo, dawa mseto zimebaki ngapi. Ofisi ya afya ya wilaya inaziona namba hizo kwenye kompyuta, inazikagua, nazo zinaungana na hifadhi ya taifa. Mwananchi naye aliwekewa mlango wake, namba 8200: kituo kikikutwa kimefungwa saa za kazi, au dawa zikisemekana zimekwisha, aliweza kuandika bila malipo na bila kutaja jina. Mlango huo ni wa thamani kubwa. Ripoti ya kituo husema kile kituo kinachokijua; mama aliyetembea na mtoto mgongoni akarudishwa mikono mitupu anajua jambo jingine, na wilaya inahitaji kuyasikia yote mawili.

Arua ilikwisha kuonja ujumbe mfupi kabla ya hapo. Shirika la Text to Change, baada ya kuanzia Mbarara mwaka 2008, lilileta Arua chemshabongo ya simu kuhusu VVU na UKIMWI: maswali 13 yaliyotumwa kwa watumiaji 10,000 wa simu. Karibu mmoja kati ya watano alijibu walau swali moja. Wapo waliouona huo kuwa mwitikio mdogo, na ni kweli wengi walinyamaza. Lakini kabla ya kuwalaumu, yafaa kuuliza simu ilikuwa mkononi mwa nani ndani ya nyumba, nani aliweza kusoma, na kwa lugha gani. Arua husema Kilugbara, Koboko Kikakwa, Yumbe Kiaringa. Sokoni na mpakani Kiswahili ndicho hushona vyote pamoja. Programu inayozungumza Kiingereza peke yake humfanya mhudumu wa kijiji awe mkalimani, na kila mkalimani hutafsiri kwa namna yake.

Programu inapomsaidia tabibu

Mtoto wa miezi minane analetwa kwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule ambaye Uganda nzima humwita VHT. Anakohoa. Programu nzuri haimpi mhudumu jina la ugonjwa mara moja, inamwambia ahesabu. Mama amtulize mtoto, asiwe analia wala kunyonya, kisha kifua kinavyopanda na kushuka kihesabiwe kwa dakika nzima, huku simu ikishika saa. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa miezi 12 hadi 59, ni 40 au zaidi. Mpaka huo wa umri husahaulika kirahisi alasiri yenye joto na foleni, na hapo ndipo kifaa kinapofaa kweli: mhudumu anajaza miezi, kifaa kinachagua kiwango.

Kipimo cha dawa ni vilevile. Dawa mseto ya malaria ya artemether na lumefantrine hutolewa kwa uzito: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mara, wa kilo 15 hadi chini ya 25 viwili, wa 25 hadi chini ya 35 vitatu, na mwenye 35 au zaidi vinne, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Watoto wawili wa umri mmoja, mmoja wa mjini Arua na mwingine aliyefika wiki hii katika kambi ya wakimbizi baada ya safari ya njaa, wanaweza kuangukia katika makundi tofauti. Programu inayouliza uzito itamlinda yule mdogo. Inayokubali kukisia kwa umri haitamlinda, na mizani ya kituo ikiwa mbovu, simu ya bei yoyote haitajua.

Kuna dalili ambazo hazingoji fomu. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke vizuri anapaswa kupelekwa kituoni mara moja. Fomu itajazwa baadaye.

Mpaka hauzuii ugonjwa

Mwishoni mwa Juni 2019, wakati wa mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mgonjwa alithibitishwa Ariwara, mji wa Kongo ambao wafanyabiashara wa Arua wanaujua kama wanavyojua soko lao wenyewe. Alikuwa ametoka Beni, umbali wa mamia ya kilomita. Habari hiyo iliwafikia watu wa West Nile ikiwa na uzito wa aina yake, kwa sababu siku yoyote kuna watu, mbuzi na magunia yanayopita kati ya pande hizo mbili. Koboko ina mipaka miwili ya kulinda, ule wa Kongo na ule wa Sudan Kusini.

Katika hali kama hiyo, kasi ya taarifa huhesabiwa kwa saa. Mtu aliyeona kifo kisichoeleweka, au homa yenye kutoka damu, hana haja ya kungoja ripoti ya wiki. Ndiyo maana Wizara ya Afya ilitenga namba fupi ya 6767 kwa ajili ya tetesi za magonjwa, ili ujumbe wa mwanakijiji uwafikie wachunguzi wa wilaya bila kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Ujumbe unaofaa hutaja kilichoonekana, kijiji, na siku kilipoonekana. Mtumaji hatakiwi kuwa na uhakika. Kuhakikisha ni kazi ya timu itakayofika.

Anayeandikwa ana haki zake

Majina ni mtihani wa kwanza wa kila mfumo wa kompyuta West Nile. Katika Kilugbara wako akina Candiru na Ayikoru wengi katika kituo kimoja kwa siku moja. Kwa Wakakwa, kama kwa ndugu zao Wabari, majina mengine hutokana na zamu ya kuzaliwa, hivyo akina Wani na Poni hujaa pande zote za mpaka. Muuguzi mmoja akiandika jina kwa herufi hii na mwingine kwa ile, mgonjwa mmoja huwa wawili na historia yake ya dawa hukatika katikati. Namba ya kitambulisho cha taifa husaidia, lakini mkimbizi wa makazi ya Lobule au Imvepi hana namba hiyo. Ana hati zake za ukimbizi, na fomu inapaswa kuzikubali. Jina la mama, kijiji na mwaka wa kuzaliwa vikiulizwa kila mara, makosa mengi hukoma mlangoni.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inaziweka habari za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa pekee. Mgonjwa anaweza kuuliza kinachoandikwa ni nini na kitakwenda kwa nani, na akikuta kosa aombe lirekebishwe. Swali hilo si utovu wa adabu, na tabibu mwenye kuheshimu kazi yake hulijibu.

Simu za nyumbani zinahitaji busara zaidi. Nyingi hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, hivyo ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa siku ya kliniki usitaje ugonjwa wala dawa; siku na saa zinatosha. Kabla ya kusajili namba, mhudumu amuulize mgonjwa faraghani kama ni yake peke yake. Mwanamke anayetumia dawa za VVU kwa siri ana sababu ambazo ni yeye anayezijua, na ujumbe mmoja usiofikiriwa unaweza kumvunjia nyumba. Simu ya kituo nayo ifungwe kwa neno la siri, na picha za wagonjwa zisipelekwe kwenye makundi ya WhatsApp hata kwa nia ya kuomba ushauri, isipokuwa mgonjwa ameridhia na uso wake hauonekani.

Chaji, ramani na tarehe

Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa, na wahudumu wa hapa walijifunza mapema kwamba betri hupangwa kama dawa zinavyopangwa. Paneli ya sola isiwe ya kuchajia simu za wapita njia kabla ya ile ya kituo. Programu inayofaa vijijini ni ile inayohifadhi kazi yote ndani ya kifaa mtandao unapokosekana, kisha ikaituma ukirudi. Karibu na mpaka, simu huweza kudaka minara ya nchi jirani na kumaliza salio kimyakimya, hivyo kifaa kifungiwe kwenye laini ya Uganda.

Ramani pia huhama. Koboko ilikuwa ndani ya Arua hadi 2005. Arua ikawa jiji mwaka 2020. Kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, iliyohesabiwa Arua kwa miongo, sasa imo Madi-Okollo na Terego. Orodha ya vijiji iliyomo kwenye tableti isiposahihishwa, mlipuko wa kipindupindu wa Terego utaonekana ofisini kama wa mahali pengine, na klorini itapelekwa huko.

Siku umeme unapokatika na tableti ikazima, kazi hurudi kwenye daftari, na vizuri liwe tayari mezani likiwa na safu zilezile za fomu. Kosa linaloharibu zaidi huja kesho yake, wakati wa kuhamisha. Kifaa chenyewe hujaza tarehe ya leo, muuguzi mwenye haraka anaiacha, na wagonjwa 30 wa wiki nzima wanaonekana kuugua Ijumaa moja. Tarehe inayotakiwa hapo ni ile ambayo mama aliitaja alipoulizwa homa ilianza lini.