MAFUNZO KWA UMMA: Mwanajeshi Mstaafu na Cheti cha Ujuzi Wake

Mwanajeshi anapovua sare, ujuzi wake haubaki kambini. Dereva wa lori, fundi wa mitambo, mpishi na fundi wa redio hurudi nyumbani na kazi wanayoijua vizuri. Tatizo huanza pale mwajiri au kamati ya zabuni inapoitisha cheti. Somo la toleo hili linaeleza jinsi ya kukipata bila kurudia masomo unayoyajua, na bila kumaliza kiinua mgongo kwa karo.

Kwa nini serikali husomesha wanajeshi wastaafu?

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Juni 22, 1944, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kuwalipia karo na posho ya kujikimu wanajeshi waliotoka Vita vya Pili vya Dunia. Kufikia 1956, zaidi ya milioni 7 walikuwa wamesoma vyuoni au kujifunza ufundi. Hata hivyo, wengi wenye asili ya Kiafrika walikosa nafasi kwa sababu ya ubaguzi. Huku kwetu, maelfu ya askari wa KAR walirejea kutoka Burma na kwingineko wakiwa madereva, makarani na mafundi, lakini hawakupewa haki ya aina hiyo. Funzo ni kwamba ujuzi usiotambuliwa hupotea, na haki isiyomfikia mwenyewe haimsaidii.

Leo Kenya ina Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022. Pia zipo njia zifuatazo, ambazo ziko wazi kwa kila raia.

Njia tatu za kupata cheti

1. Utambuzi wa ujuzi wa awali, unaojulikana kama RPL. Unasimamiwa na Mamlaka ya KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Hapa hufundishwi upya. Unawasilisha ushahidi wa kazi yako, unahojiwa, kisha unaonyesha kazi kwa vitendo mbele ya mtathmini. Ukionekana una upungufu, unaelekezwa kujifunza sehemu hiyo pekee.

2. Majaribio ya ufundi ya NITA. Yana ngazi tatu: ya III, ya II na ya I, ambayo ndiyo ya juu. Yanafaa kwa fundi wa magari, umeme, uashi, useremala au uchomeleaji.

3. Chuo cha ufundi cha kaunti. Katiba ya 2010 imekabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Njia hii inamfaa anayetaka kujifunza kazi mpya kabisa.

Anayejiunga na chuo cha ufundi cha kitaifa anaweza kuomba mkopo wa HELB. Kumbuka kuwa mkopo hulipwa, si zawadi.

Andaa ushahidi mapema

• Kitambulisho cha kitaifa na hati ya kuondoka jeshini
• Vyeti vya kozi zote ulizofanya ukiwa kazini, hata za wiki mbili
• Leseni ya udereva au ya mitambo, ikiwa unayo
• Barua ya aliyekusimamia kazini, ikieleza ulichofanya na kwa muda gani
• Picha za kazi ulizofanya tangu ustaafu

Usiweke picha au stakabadhi zenye siri za kijeshi. Anayekaribia kustaafu aombe barua hizi kabla ya kuondoka. Kuzifuatilia ukiwa kijijini ni safari na nauli.

Jipime

Tuseme mstaafu ametengeneza malori ya jeshi kwa miaka 18, na anataka kufungua gereji. Je, alipe karo ya miaka miwili ya ufundi wa magari?

Jibu: La. Aanze kwa kutathminiwa kupitia RPL au NITA. Akiba yake inunue vifaa vya gereji.

Kwa mwongozo, fika katika chuo cha ufundi kilicho karibu nawe au ofisi ya msimamizi wa wadi yako.