Una digrii na unataka kufundisha? Tazama kwanza cheti cha KCSE

Chukua mfano wa mhasibu mwenye digrii ya uchumi ambaye, baada ya miaka kumi ofisini, anataka kufundisha Hisabati na Biashara katika shule ya upili. Ujuzi anao, lakini hawezi kuingia darasani hivyo tu. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ya mwaka 2012 inamtaka kila anayefundisha awe amesajiliwa na tume hiyo, iwe shule ni ya umma au ya kibinafsi.

Kwa mtu kama huyu, njia ni Diploma ya Uzamili katika Elimu, PGDE. Kozi hii huchukua takriban mwaka mmoja na humfunza saikolojia ya wanafunzi na mbinu za ufundishaji. Pia kuna mazoezi ya kufundisha, ambayo hufanyika shuleni saa za masomo. Aliyeajiriwa apange likizo mapema.

Kosa la ghali ni kulipa karo kabla ya kutazama gredi za zamani. Kwa walimu wa shule za upili, TSC hutaka C+ kwa jumla katika KCSE, na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Mhasibu aliyepata C katika Hisabati hataokolewa na digrii yake, hata kama amekagua hesabu za kampuni kubwa.

Akihitimu, ombi la usajili hutumwa kupitia tovuti ya TSC pamoja na kitambulisho, PIN ya KRA, picha, vyeti vya masomo, cheti cha tabia njema kutoka DCI na fomu ya afya iliyojazwa na daktari. Namba ya TSC si barua ya kazi. Nafasi za ajira hutangazwa kando. Hata hivyo, kwayo anaweza kuajiriwa na bodi ya shule au shule ya kibinafsi.

Fundi wa magari au mshonaji ana njia yake. Wakufunzi wa vyuo vya ufundi, vikiwemo vya kaunti, husajiliwa na TVETA chini ya sheria ya mwaka 2013. Aliyejifunzia kazi gereji bila cheti anaweza kuanza na mtihani wa ufundi wa NITA. Cheti hicho huthibitisha ujuzi wa mikono tu. Leseni ya ukufunzi bado ataiomba TVETA.