Ukipaka Moto Rangi, Usiwashe Moto Mwingine



Hapa Ituri neno «moto» lina kazi nyingi. Kuna moto wa jikoni, kuna moto tunayopanda kwenda Bunia, na wazee wa kazi wanakumbuka Moto ya machimbo ya Kilo-Moto. Leo nataka kusema juu ya siku ambapo moto ya kupanda na moto wa jikoni hukutana nyumba moja. Tusije tukachanganya, chombo cha kupanda nitakiita pikipiki.

Matope ya barabara zetu hushika chini ya kadre, hukaa na maji, na kutu huanza kula chuma. Basi mtu hununua kopo la rangi na brosi, akapaka mwenyewe nyumbani. Ni jambo jema. Lakini sikiliza yaliyotukia Aveba.

Mwenzetu mmoja alikuwa akiosha kadre kwa esansi. Mvua ikaanza, akaiingiza ndani na kufunga mlango. Mke wake, bila kujua, akaleta mbabula ya makala pembeni, mbali naye hatua tano hivi. Hakuna aliyemwagia moto esansi, lakini sakafu yote iliwaka mara moja. Mwenzetu aliungua mikono na miguu. Majirani wakampaka dawa ya meno na mafuta ya kupikia, nami ilinibidi kuviondoa kwanza juu ya kidonda, huku akilia. Alikaa majuma sita bila kushika chombo cha kazi.

ADUI WATATU

Wa kwanza ni mvuke. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi. Hutambaa chini mpaka ukute kaa la moto, sigara au taa. Hata mahali penye baridi esansi hutoa mvuke unaoweza kuwaka. Dawa ya kuyeyushia rangi nayo ni vivyo hivyo. Tena mvuke huo huleta kizunguzungu, kichwa kuuma na kichefuchefu. Kitambaa puani hakiuzuii.

Wa pili ni vumbi la rangi ya zamani. Rangi nyingi zilitiwa madini ya risasi, hasa ile nyekundu ya kuzuia kutu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kupunguza risasi nyeupe katika kazi ya kupaka rangi, lakini hata leo rangi zenye risasi hazijaisha duniani. Kwa macho huwezi kuitambua. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hupita kwa mama mwenye mimba hadi kwa mtoto tumboni. Kunywa maziwa baada ya kazi hakuiondoi mwilini.

Wa tatu ni chupa. Esansi ikiwekwa katika chupa ya soda, mtoto mwenye kiu huona soda.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

1. Fanya kazi nje, mbali na jiko, na watoto wasikaribie. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ni wakati mzuri. Mvua ikija, funika kadre; usiiingize chumba cha kulala.

2. Ondoa betri na tangi la esansi. Tangi tupu lisikudanganye: mvuke umebaki ndani. Lifunge, uliweke mbali na moto.

3. Osha kadre kwa maji na sabuni, si kwa esansi. Kisha tazama mahali palipochomelewa. Ukiona ufa, simama. Rangi huficha ufa, haiutibu. Ita fundi wa kuchomelea vyuma.

4. Sugua kwa msasa wenye maji. Katika mgodi tunalowesha mwamba ili vumbi lisiruke. Nyumbani fanya hivyohivyo. Usichome rangi ya zamani kwa moto. Tandika plastiki chini, kusanya uchafu wote, usiutupe bustanini wala mtoni.

5. Kadre ikikauka, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe mara mbili, nyembamba. Ngoja saa zilizoandikwa kwenye kopo. Usipake nyuzi za boliti, mahali pa freni, wala namba ya kadre.

6. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.

AJALI IKITOKEA

Esansi ikiwaka, zima kwa mchanga. Maji hueneza moto. Nguo ikishika moto, lala chini ujiviringishe. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, afunikwe kitambaa safi, aletwe kwetu. Dawa ya meno, mafuta, yai na udongo, hapana.

Rangi au esansi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi.

Mtoto akinywa esansi, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Akitapika, esansi huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo kifo kilipo. Mlete upesi pamoja na chupa, hata kama anacheza.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

Mbabula yetu huwekwa wapi baba anapotengeneza pikipiki? Esansi yetu imo katika chombo gani, na mtoto anaweza kukifikia? Nani hapa nyumbani anajua la kufanya kwa aliyeungua?

Kama jibu moja linakutia mashaka, anza na hilo leo jioni, kabla hujafungua kopo la rangi.