Kumiliki Bastola, Kuibeba na Kuifyatua: Somo kutoka Miji ya Marekani

Katika mikutano ya usalama mitaani hakosekani mwananchi wa kutuuliza: "Mbona Marekani kila mtu anaruhusiwa bastola ajilinde?" Swali hilo huchanganya mambo matatu ambayo sheria huyatenganisha: kumiliki silaha, kuibeba na kuifyatua.

Jiji la Chicago lilipiga marufuku usajili wa bastola mpya mwaka 1982. Otis McDonald, mzee mstaafu wa miaka sabini na ushei, alikuwa amevunjiwa nyumba mara kadhaa. Bunduki ndefu alikuwa nazo kihalali. Alichotaka ni bastola, ambayo mtu wa umri wake angeimudu chumbani. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki kwa kura 5 dhidi ya 4, ikifuata hukumu yake ya mwaka 2008 kuhusu jiji la Washington. Wanaoishangilia hukumu hiyo ya 2008 husahau kwamba majaji walitamka pia kuwa haki hiyo ina mipaka: waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa waweza kunyimwa silaha, na shule na majengo ya serikali yaweza kuwekewa katazo.

Kuibeba hadharani ni habari nyingine. Jimbo la New York, lenye sheria ya vibali tangu 1911, lilimtaka mwombaji athibitishe hitaji lake la pekee. Mahakama ilibatilisha sharti hilo Juni 2022. Kufikia Septemba jimbo lilikuwa limeweka masharti mapya: mafunzo ya saa 16 darasani na saa 2 za kulenga shabaha, pamoja na katazo la bastola katika usafiri wa umma na eneo la Times Square.

Kuhusu kufyatua, hapa ndipo wengi hupotea. Sheria ya New York humtaka mtu aliye nje ya nyumba yake aondoke kwanza, iwapo aweza kuondoka kwa usalama kamili, kabla ya kutumia nguvu ya kuua. Illinois, jimbo lenye Chicago, huruhusu nguvu hiyo pale tu mtu anapoamini kwa sababu za msingi kwamba ni ya lazima ili kuzuia kifo, madhara makubwa yaliyo karibu kutokea, au jinai ya mabavu. Mwizi wa mfukoni anayetokomea na simu yako hamo humo.

Tena, katika jengo la ghorofa risasi iliyokosa shabaha yaweza kupenya ukuta hadi kwa jirani. Nasi askari tunaofika huona mtu ameshika bastola. Papo hapo hatujui kama ni mwenye nyumba au mvamizi. Ndiyo maana mwenye silaha halali hushauriwa aiweke chini na kuonesha mikono mitupu, na anayepiga simu aeleze mwenye nyumba amevaa nini.