Dripu ya Haraka kwa Mtoto Mwenye Homa Kali: Namna ya Kutafuta na Kupima Ushahidi wa Kitafiti

Mtoto mwenye homa kali anapofikishwa hospitalini akiwa na mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo ya haraka na dhaifu, na kucha ambazo rangi yake huchelewa kurejea baada ya kubinywa, mtabibu hutambua kwamba mzunguko wa damu umeanza kushindwa. Katika lugha ya tiba hali hiyo huitwa mshtuko, wala haihusiani na hofu au habari mbaya. Kwa miaka mingi jibu lilionekana kuwa wazi: damu haizunguki vizuri kwa kuwa mishipa haina maji ya kutosha, basi maji yaingizwe haraka, mililita 20 hadi 40 au zaidi kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Hoja hiyo inaeleweka hata kwa mzazi aliyesimama kando ya kitanda, na mafunzo ya huduma za dharura ya nchi tajiri yaliisisitiza sana.

Ni haki kuuliza fundisho hilo lilitoka wapi. Mojawapo ya tafiti zilizotegemewa ni ile iliyochapishwa Marekani mwaka 1991, iliyohusu watoto 34 waliopata mshtuko kutokana na maambukizi. Waliopewa zaidi ya mililita 40 kwa kilo katika saa ya kwanza walionekana kunusurika zaidi kuliko wenzao. Nao walikuwa watoto 9 tu. Kiasi cha maji hakikupangwa kwa kura, bali kilitokana na uamuzi wa madaktari waliokuwa zamu, katika mazingira ya uangalizi mahututi. Ushahidi mdogo wa namna hiyo si kosa. Maswali mengi ya tiba huanzia hapo. Tatizo ni kwamba ulipokuwa ukinakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, idadi ya watoto 34 ilidondoka njiani, likabaki agizo peke yake.

Swali kabla ya jibu

Mtabibu anayetafuta habari za dripu kwa watoto, bila kufafanua zaidi, atapata maelfu ya makala na usingizi utamshinda kabla hajafika kwenye ile inayomfaa. Utafutaji wenye tija huanza na swali lenye sehemu nne: mgonjwa ni nani, tiba inayofikiriwa ni ipi, inalinganishwa na nini, na ni matokeo gani yanayotakiwa kujulikana. Kwa mtoto aliyetajwa hapo juu, swali linaweza kutungwa hivi: kwa mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, katika hospitali isiyo na mashine ya kupumulia, je, kumwingizia maji kwa haraka kunapunguza vifo kuliko kumpa maji ya kiwango cha kawaida pamoja na dawa?

Sehemu ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Yapo matokeo yanayopimika kwa urahisi, kama vile kupanda kwa shinikizo la damu au kurudi kwa joto mikononi, na yapo yale ambayo familia inayajali: mtoto kuishi, kuona, kutembea, kurudi shuleni. Aina ya kwanza si uthibitisho wa aina ya pili. Jambo hilo litaonekana hapa chini kwa namna ya kusikitisha.

Swali likishapatikana, pa kuanzia si makala moja moja. Mahali pa kwanza ni mwongozo wa matibabu wa taifa, pamoja na ule wa Shirika la Afya Duniani. Na jicho litupwe kwanza kwenye mwaka wa toleo, kwa sababu nakala zilizochakaa hukaa kwenye droo za wodi miaka mingi baada ya toleo jipya kutoka. Mahali pa pili ni mapitio ya kimfumo, yaani kazi ambayo waandishi wake hutafuta tafiti zote zilizowahi kufanywa kuhusu swali moja, huzipima ubora, kisha huzijumlisha. Shirika la Cochrane, lililoanzishwa mwaka 1993 na kuitwa kwa jina la tabibu wa Uskoti, Archie Cochrane, ndilo linalojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Baada ya hapo ndipo majaribio yenyewe yatafutwe katika hazina ya PubMed, ambayo ni ya bure kwa yeyote mwenye simu yenye intaneti. Makala zinazodai malipo zinaweza kupatikana kupitia mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida bure au kwa ada nafuu. Hospitali na vyuo vingi vimekwisha kusajiliwa, lakini nywila hubaki kwa mkutubi asiyeulizwa na mtu.

Maneno ya kutafutia hulazimika kuandikwa kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya hazina hizo. Swali lenyewe halina sharti hilo. Muuguzi na afisa tabibu wanaolitunga kwa Kiswahili safi, wakakubaliana ni nini hasa wanachokitafuta, hufika mbali kuliko anayeanza na istilahi za kigeni asizozielewa vema.

Yaliyoonekana katika hospitali sita

Swali la dripu ya haraka lilijibiwa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 2009 na Januari 2011, jaribio lililoitwa FEAST, likiongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, lilifanyika katika hospitali sita: Kilifi, pwani ya Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka, ila maji ya kiwango cha kawaida cha mahitaji ya siku. Wote walipata huduma nyingine zilizostahili: dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni, na damu kwa waliopungukiwa sana.

Ilikusudiwa kuandikisha watoto 3,600. Kamati huru iliyokuwa ikichunguza takwimu ilisimamisha jaribio kabla ya hapo. Baada ya saa 48, katika kundi la albumini walikuwa wamefariki watoto 10.6 kwa kila 100. Katika kundi la maji ya chumvi, 10.5, na katika kundi lisilopewa maji ya haraka, 7.3. Wiki nne baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo.

Wengi hawakuamini, na sababu yao inaeleweka. Madaktari wenye uzoefu walikuwa wamewaona kwa macho yao watoto wakipata nafuu baada ya dripu. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu hizohizo ulionyesha kwamba macho yao hayakudanganya: saa moja baada ya kuanza tiba, dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji ya haraka, ilhali kwa wasiopewa zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 32. Mikono ilipata joto kweli. Kisha, saa kadhaa baadaye, watoto wengi zaidi wa kundi hilohilo walifariki, na sababu kubwa haikuwa maji kujaa mapafuni kama ilivyotarajiwa, bali mzunguko wa damu kuporomoka. Mtabibu anayehudumia mtoto mmoja mmoja hawezi kuling'amua jambo hilo. Huiona nafuu ya saa ya kwanza na kuihesabu kuwa kazi ya dripu. Kifo cha usiku hukihesabu kuwa kazi ya ugonjwa. Bila kundi la kulinganisha lililopatikana kwa kura, hakuna uzoefu, hata wa miaka thelathini, ungeweza kuyatenganisha mawili hayo.

Kusoma tarakimu

Matokeo hayo yanaweza kutangazwa kwa namna mbili, na zote ni kweli. Ya kwanza: dripu ya haraka iliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 45. Ya pili: kati ya watoto 100 waliopewa dripu ya haraka, walifariki takriban watatu zaidi kuliko ambavyo ingekuwa bila hiyo, sawa na mtoto mmoja kwa kila 30 hivi. Namna ya kwanza hutikisa moyo. Ya pili humsaidia mtabibu kupima. Msomaji wa makala yoyote ya tiba, hasa inayosifu dawa mpya, azitafute zote mbili. Dawa inayopunguza hatari kwa nusu inaweza kuwa imeitoa kutoka watu wawili hadi mmoja katika kila elfu kumi, na hapo bei yake na madhara yake vina neno la kusema.

Atazame pia ni nani aliyelipia utafiti. FEAST iligharimiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na maji yenyewe yalitolewa na kampuni iliyoyatengeneza. Matokeo hayakuipendelea bidhaa hiyo, na yalichapishwa bila kuchelewa mwaka huohuo wa 2011.

Je, ni mgonjwa huyu?

Hapa ndipo kuna hatari ya kosa la pili, kubwa kama la kwanza. Mtu aliyesoma kichwa cha habari peke yake, au ujumbe uliosambazwa kwa simu, anaweza kuhitimisha kwamba maji huua watoto. FEAST haikusema hivyo. Watoto wenye kuharisha na kuishiwa maji hawakuingizwa, wala wenye utapiamlo mkali, wala wale ambao mshtuko wao haukutokana na maambukizi, kama majeruhi na walioungua. Mtoto wa kipindupindu anayenyimwa dripu kwa jina la FEAST amenyimwa tiba inayookoa maisha kwa kutumia ushahidi usiomhusu. Walioingizwa walikuwa watoto wenye homa. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria, na takriban theluthi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu, ambao mara nyingi huhitaji damu badala ya chumvi.

Wakati mwingine shaka huelekea upande wa pili. Mwaka 2005 jaribio lililofanyika Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar lilionyesha kwamba atesuneti ya sindano hupunguza vifo vya malaria kali kuliko kwinini: vifo 15 badala ya 22 kwa kila wagonjwa 100. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wazima. Je, mtoto wa Muheza angefaidika vivyo hivyo? Badala ya kukisia, watafiti walirudia swali hilo kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Matokeo yalitoka mwaka 2010: vifo 8.5 kwa atesuneti na 10.9 kwa kwinini katika kila watoto 100. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake. Faida ilivuka bahari, ingawa ilipungua ukubwa.

Kwa upande wa dripu, makubaliano yalichelewa zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaelekeza kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu asipewe maji ya haraka. Mwenye dalili zote tatu kwa pamoja, yaani mikono na miguu ya baridi, rangi ya kucha kuchelewa kwa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya haraka, apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo, polepole, kwa dakika 30 hadi 60. Ndani ya FEAST, watoto waliotimiza kipimo hicho kikali walikuwa 65 tu. Kati ya 50 waliopewa maji ya haraka walifariki 24. Kati ya 15 wasiopewa walifariki 3. Idadi hiyo ni ndogo mno kufunga mjadala, na wataalamu waliobishana juu yake hawakuwa wajinga wala wakaidi. Mwongozo unapotegemea ushahidi mwembamba, ni vema anayeufuata ajue hivyo, amwangalie mtoto kwa karibu zaidi, na asione aibu kupunguza kasi ya dripu au kumwita mwenzake.

Kwa mgonjwa na familia yake

Katika familia nyingi, kutundikiwa dripu huchukuliwa kuwa ndiyo tiba yenyewe, na mtoto aliyepewa dawa bila chupa kando ya kitanda huonekana amepuuzwa. Shinikizo hilo huwafikia wauguzi, na mara nyingine huwashinda. Mzazi anaweza kulipunguza kwa kuuliza kwa adabu: Daktari, dripu hii ni ya nini? Itaingia kwa kasi gani? Nani atakuja kumtazama, na baada ya muda gani? Maswali hayo si utovu wa heshima. Wazazi walioshiriki FEAST waliulizwa jambo gumu zaidi: katika dharura waliombwa ridhaa ya mdomo kwanza, na maelezo kamili pamoja na saini vikafuata mtoto alipotulia.

Mzazi ana taarifa ambazo hakuna hazina ya makala inayozihifadhi. Akieleza kwamba mtoto ameharisha na kutapika tangu jana, kwamba hajakojoa tangu asubuhi, au kwamba amekonda kwa wiki nyingi, anamsaidia mtabibu kujua mara moja kwamba mtoto huyu si miongoni mwa wale 3,141, na kwamba ukurasa wa kufungua ni ule wa kuharisha au ule wa utapiamlo.