Viungio vya petroli kwenye BMW R1150GS

Swali: Viungio vya plastiki vya mipira ya petroli kwenye BMW R1150GS yangu vimeanza kuvuja. Nifunge vipi vya chuma?

Jibu: Badilisha vyote, vya kwenda na vya kurudi, hata kama kinachovuja ni kimoja, kwani plastiki hiyo huzeeka pamoja. Injini ipoe kabisa, toa waya wa hasi wa betri, na ufanyie kazi nje. Nunua mpira wa milimita 8 wa injini za injekta, maana wa kwenda hubeba presha ya takriban baa 3. Kwenye mpira mmoja dume la kiungio likae upande wa tangi, kwenye mwingine upande wa injini. Hapo huwezi kuipishanisha mipira. Paka oringi oili kidogo, sukuma mpaka lachi inase. Rudisha betri, washa swichi bila kupiga stata, upitishe kidole chini ya kila kiungio. Kikilowa, zima mara moja.