KUKU WA JIRANI NI KUKU WAKO
Mafunzo ya kuwakinga kuku wa nyumbani na kideri katika Taita Taveta

Asubuhi, wanawake wakutanapo penye bomba la maji katika vijiji vya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, huulizana habari. Huulizana habari za watoto, za shamba na za mifugo, na jibu la kila swali ni moja: "Njema." Hiyo ndiyo adabu, wala hakuna awezaye kuilaumu. Lakini liko swali moja ambalo jibu lake, likiwa la adabu tu bila kuwa la kweli, laweza kuangamiza mali ya kijiji kizima kwa muda wa majuma machache. Swali hilo ni hili: "Na kuku je, wazima?"

Somo hili lahusu kuku wa nyumbani, ugonjwa wao mkubwa uitwao kideri, na sababu ya habari za kuku wa mtu mmoja kuwa ni haki ya jirani zake wote.

MALI YA MAMA

Nchi ya Taita Taveta ina sehemu mbili zisizofanana. Iko milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau, na iko nchi tambarare iliyo kavu, ambayo kwa sehemu kubwa imezungukwa na mbuga ya wanyama ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948. Katika tambarare mkulima aweza kupanda vizuri na kupalilia vizuri, kisha mvua ikakatika kabla mahindi hayajabeba, au ndovu wakaingia shambani usiku mmoja wakamaliza kazi ya miezi mitatu. Lakini kuku huchakura na kupata riziki yake hata mwaka wa njaa, na mara nyingi yeye ndiye mali ya mama mwenyewe. Kwa jogoo mmoja hununuliwa sare ya shule, na kwa mayai hununuliwa chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu, akaatamia kwa siku 21, kisha akalea vifaranga vyake. Wako pia kuku wa kienyeji walioboreshwa kwa uchunguzi uliofanywa na serikali huko Naivasha, ambao hutaga mayai mengi zaidi kwa mwaka, ingawa wengi wao si hodari wa kuatamia. Lakini awe wa aina hii au ile, kuku asiyekingwa na kideri ni mali iliyowekwa njiani.

UGONJWA WENYEWE

Kideri kilitambuliwa na wataalamu mwaka 1926 katika nchi mbili zilizo mbalimbali sana: kisiwa cha Java, na mji wa Newcastle katika Uingereza. Ndiyo maana wazungu waliuita ugonjwa huo kwa jina la mji huo. Katika Kenya uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1935, katika sehemu za Mombasa. Tangu hapo haukutoka.

Dalili zake ni hizi. Kuku hujikunyata, hushusha mabawa, na hukataa chakula. Mavi yake huwa ya kijani na majimaji. Hupumua kwa shida, naye hufungua mdomo. Wengine hupooza miguu, au shingo hupinda hata kichwa kikageuka nyuma. Wenye kutaga huacha kutaga. Kisha hufa wengi kwa pamoja. Na katika kundi lisilochanjwa, kufa kuku tisa katika kila kumi si ajabu.

Wako watu wawapao kuku wao maji ya pilipili, shubiri au mwarobaini. Kideri hakiponywi kwa dawa hizo, wala kwa dawa yoyote ya dukani. Kuku akiisha kuugua, wakati wa dawa umekwisha kupita. Kinga peke yake ndiyo ifaayo.

JINSI UNAVYOSAFIRI

Vijidudu vya kideri hukaa katika mate, mavi, manyoya na matumbo ya kuku mgonjwa. Husafiri katika tenga la mchuuzi, katika gurudumu la baiskeli, katika nyayo za viatu, na katika mdomo wa mbwa aliyeokota mzoga. Tena kuku aweza kuambukizwa leo na asionyeshe dalili yoyote kwa siku kadhaa, hata majuma mawili. Voi ni mji wa njia panda: barabara na reli za Mombasa na Nairobi hupita hapo, na njia ya Taveta na Tanzania huanzia hapo. Mahali wapitapo watu wengi na mizigo mingi, ugonjwa nao hupita.

Mfano ni huu. Mama mmoja ana kuku 12, na majogoo wanne kati yao amewawekea mwezi wa Januari, shule zifunguliwapo. Nyumba ya pili, jirani yake ameamka na kukuta kuku watatu wamekufa. Jirani anaona haya. Anaogopa kwamba watu watasema nyumba yake ni chafu, au wataanza kunong'ona habari za kijicho. Tena anaogopa kwamba mchuuzi akisikia hatanunua waliobaki. Basi anaitupa mizoga kichakani, anauza waliobaki kwa bei ya chini, na penye bomba la maji anajibu: "Njema." Majuma mawili baadaye mama yule wa kwanza hana hata kuku mmoja, na mtoto wake hana sare.

Jirani huyo hakuwa mtu mbaya. Aliokoa fedha kidogo, na hasara ikawa ya kijiji. Lau angalisema siku ile ile, wenziwe wangaliwafungia kuku wao, wangalizuia matenga ya wageni, na wangalimwita daktari wa mifugo mapema.

Kwa hiyo mtu aonapo kuku wake wanakufa kwa pamoja, imempasa kufanya mambo manne. Kwanza, awaambie jirani zake siku hiyo hiyo. Pili, apeleke habari kwa daktari wa mifugo au kwa chifu, maana kideri ni katika magonjwa ambayo sheria ya Kenya yataka yatangazwe. Tatu, asiuze kuku hata mmoja, wala asimpe mtu zawadi ya kuku. Nne, mizoga aichome moto au aizike katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

TONE MOJA JICHONI

Chanjo ya kideri ipo, nayo hutengenezwa hapa Kenya na shirika la serikali la chanjo za mifugo, KEVEVAPI. Iko aina iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Australia, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Jambo hilo lina faida kubwa katika nchi yenye jua kama Voi. Hata hivyo si dawa ya kuachwa juani. Ichukuliwe katika chombo chenye barafu au chenye kitambaa kibichi, na maagizo yaliyoandikwa juu ya chupa yafuatwe. Isichanganywe na maji ya bomba yenye klorini, maana klorini huiua.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Hufanywa alfajiri, kuku wakiwa bado bandani. Mtu mmoja humshika kuku kwa upole na kumlaza ubavu. Wa pili hutia tone moja katika jicho moja, akangoja mpaka kuku apepese. Basi, amekwisha. Wachanjwe wote walio wazima, wakubwa na vifaranga. Kinga huchukua muda wa juma moja hata mawili kupata nguvu, na baada ya miezi minne hapana budi chanjo irudiwe. Kijiji chaweza kuchagua Machi, Julai na Novemba, ili kuku wawe wamekwisha kukingwa kabla ya Krismasi, wakati kuku wengi wanaponunuliwa na kusafirishwa.

Hapa ndipo ujirani unapofaa. Chupa moja mara nyingi yatosha kuku 100, lakini mama mmoja ana kuku 12 tu; na dawa ikiisha kuchanganywa haiwekwi mpaka kesho. Akiinunua peke yake, atamwaga sehemu kubwa ya fedha zake. Lakini nyumba nane au tisa zikichanga na kuchanja asubuhi moja, gharama ya kila nyumba huwa ndogo, dawa haipotei, na ugonjwa hauachiwi nyumba ya kujificha.

KUKU MGENI NA SAMADI

Wazee walisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Neno hilo lina mafunzo ya afya pia. Kuku aliyenunuliwa, aliyeletwa na mgeni, au aliyerudi sokoni bila kuuzwa, na atengwe majuma mawili hata matatu, mbali na wenziwe, naye ale na kunywa katika chombo chake. Ikiwa ana ugonjwa, utaonekana akiwa peke yake.

Vivyo hivyo samadi ya kuku. Ni mbolea bora kwa sukuma wiki na mchicha, lakini ikiwa mbichi huunguza mizizi. Hivyo irundikwe na kuachwa ioze kwanza. Na nyumba iliyopatwa na kideri isimgawie jirani samadi, kwa kuwa itampelekea ugonjwa pamoja na mbolea.

Kuku hawajui mpaka wa boma. Asubuhi hutoka kwa huyu, adhuhuri wako kwa yule, jioni hurudi kulala. Kwa sababu hiyo hakuna awezaye kuwakinga kuku wake kwa siri, wala awezaye kuwaficha kuku wake wagonjwa bila kumdhuru mwenziwe. Basi jirani aulizapo penye bomba la maji, "Na kuku je, wazima?" na ajibiwe kweli. Ikiwa ni wazima, ashukuriwe Mungu. Na ikiwa mmoja ameshusha mabawa tangu jana, neno hilo lisemwe papo hapo, kabla ndoo haijajaa.